Mafuta ya viungo nyumbani: iliki, karafuu, mdalasini na wenzake

Sufuria ya chai ya iliki hunukia nyumba nzima, na harufu iliyojaa chumbani ndiyo hiyo iliyokwisha toka kwenye chai. Vitu vinavyoipa iliki, karafuu au mdalasini ladha yake havipatani na maji. Hupanda na mvuke vikaenda zao. Kwenye mafuta huyeyuka na kutulia, na vikitunzwa hukaa miezi. Ukitumia mafuta hayo kukandia unga wa maandazi, ladha inasambaa sawasawa, wala hakuna atakayeng'ata kipande cha karafuu katikati ya andazi.

Watu wa pwani wanalijua hili siku nyingi. Mafuta yaliyokaangia vitunguu vya biriani hayamwagwi. Hurudishwa juu ya wali, maana ladha ya vitunguu imehamia humo. Kinachoelezwa hapa ni kazi hiyohiyo, ila kwa vipimo, kwa kutunza, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, ambayo inaupenda ukungu kuliko inavyompenda mpishi.

Jambo moja lishikwe kabla ya mengine yote: maji ndiyo yanayoharibu. Kiungo kiwe kikavu, sufuria kavu, chujio kavu, chupa kavu, hata mkono unaofunga kifuniko uwe mkavu. Mafuta yasiyonukia vya kutosha unaweza kuyarudia kesho. Mafuta yaliyofungiwa na matone ya maji ndani yake hayana marudio, na kwa viungo vibichi yanaweza kumpeleka mtu hospitali. Habari hiyo ya vibichi ina sehemu yake huko chini, isomwe hata na mwenye haraka.

Mafuta yapi

Mafuta ya nazi ndiyo yanayofaa zaidi kwa vitamu: iliki, mdalasini, vanila, kungumanga. Karibu sehemu tisa kwa kumi za mafuta haya ni za aina inayoganda, ambayo haichachi upesi. Huganda yakifika nyuzi 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo Dar yatakuwa maji karibu mwaka mzima. Ukiyakuta mazito asubuhi ya Julai hayajaharibika, yaweke tu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Dukani utakuta ya aina mbili, yaliyosafishwa kiwandani hadi hayana harufu, na yenye harufu yake ya nazi. Ukitaka ladha ya kiungo peke yake chukua yaliyosafishwa. Kwa kashata na vitumbua, harufu ya nazi ni faida.

Anayetaka kuyapika mwenyewe atumie nazi kavu, zile zinazosikika maji zikitikiswa, si madafu. Hesabu nazi 10 hadi 15 kwa lita moja, kutegemea ukubwa wake. Zikune kwa mbuzi, zikamue kwenye kifumbu kwa maji kidogo ya uvuguvugu, kisha acha tui litulie kwenye friji saa tatu au nne. Juu litajitenga tabaka zito jeupe. Hilo ndilo la kupika, maji ya chini yaache, kwa sababu kila kikombe cha maji unachokiingiza jikoni ni gesi ya kukikausha. Pika kwa moto wa wastani ukikoroga. Kwanza litatokota kwa kelele, halafu litakatika, kisha utaona mafuta safi yamezunguka mashapo meupe. Punguza moto. Mashapo yakigeuka rangi ya biskuti na kelele zikiisha, epua mara moja. Yakifika kahawia iliyokolea mafuta yatakuwa na uchungu ambao hakuna kiungo kitakachouficha.

Kelele ndiyo kipimo chako. Mafuta yanayotoa vipovu na kuchirizika bado yana maji. Anayeepua mapema atayaona mazuri wiki ya kwanza, kisha baada ya wiki kadhaa yataanza kuwa na ladha ya sabuni. Hiyo si ajali: unyevu ukibaki, vimelea hupata nafasi, vimeng'enya vyao huvunja mafuta ya nazi na kuachia asidi ya lauriki, ileile inayopatikana kwa wingi kwenye sabuni za nazi.

Samli inafaa kwa viungo vya pilau na mchuzi, hasa bizari nyembamba na pilipili manga. Siagi gramu 500 isiyo na chumvi itakupa samli gramu 400 hivi, kwa sababu siagi ina maji karibu asilimia 16 na masalia kidogo ya maziwa. Iyeyushe polepole, enga povu, subiri mashapo ya chini yawe ya dhahabu na sauti ikome, kisha chuja. Samli ya kununua kutoka kwa wafugaji huwa tamu, ila mara nyingi ina maziwa yaliyobaki. Ipashe tena hadi ikae kimya kabla ya kuitia kiungo chochote.

Ya alizeti ni mepesi na hayana ubishi wa ladha, lakini huchacha mapema. Tengeneza kidogo, umalize ndani ya mwezi. Mawese yaache kwa mchuzi wake. Rangi na ladha yake humeza kila utakachotia.

Kununua na kukausha

Nunua vizima. Unga wa viungo unaofunguliwa guniani kila mara umekwisha poteza nusu ya kazi yake, na huwezi kujua umechanganywa na nini. Kariakoo na Kisutu utapata karibu vyote. Karafuu nyingi ni za Pemba na Unguja, na iliki, mdalasini na pilipili manga hushuka kutoka Muheza milima ya Amani na kutoka Morogoro, upande wa Matombo na Kinole.

Karafuu ijaribu kwa ukucha. Bonyeza kichwa au shina lake: nzuri hutoa unyevunyevu wa mafuta na kuacha harufu kidoleni. Nyumbani, tupia chache kwenye glasi ya maji. Zenye mafuta huzama au husimama wima, kichwa juu. Zinazolala juu ya maji zimekwisha kukamuliwa au zimezeeka. (Hizo za majaribio zitie kwenye chai, zisirudi kwenye mafuta.) Iliki iwe ya kijani na ganda lililofunga, pasua moja utazame punje, ziwe nyeusi na zenye kunata, si za kijivu zinazomeng'enyeka. Mdalasini mzuri una magome membamba yaliyoviringana tabaka kwa tabaka na huvunjika kwa vidole. Gome nene, gumu, la tabaka moja nalo hutumika, ladha yake ni kali na kavu zaidi, ila huyo ndiye mwenye kumarini nyingi, kitu ambacho kikizidi kila siku si kizuri kwa ini. Kwa chakula cha familia chagua membamba.

Ukungu usivumiliwe. Pilipili kavu zenye vumbi jeupe au jeusi ndani, tangawizi kavu yenye harufu ya stoo, bizari iliyoshikana mabonge: zote nje. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, nayo hupenda pia karanga na pilipili kavu. Usijaribu kuosha, kuchagua vilivyo afadhali wala kukaanga ili kuokoa.

Kisha kausha, hata kama muuzaji kakuapia kuwa ni vikavu. Hewa ya Dar ina unyevu, na kiungo kilichokaa wiki mbili kwenye mfuko wa karatasi jikoni kimeshanywa. Januari na Februari, au miezi ya kipupwe, sinia juani kwa saa nne, limefunikwa kwa chandarua, linatosha. Masika usitegemee jua. Tumia oveni ya nyuzi 60 mlango ukiwa wazi kidogo kwa dakika 30, au kaango zito juu ya moto mdogo kabisa, ukigeuza kwa mkono mtupu. Mkono ukishindwa kuvumilia, kaango limekuwa la moto kuliko inavyotakiwa. Kijiti cha mdalasini kikavu hulia kikivunjwa, pilipili kavu husikika mbegu ikitikiswa, na jani kavu huwa unga kiganjani badala ya kujikunja.

Kuponda na kupima

Tumia kinu na mchi. Mashine ya kusagia hufanya unga, na unga ni shida: hupita kwenye kitambaa, hutua chini ya chupa, huendelea kutoa uchungu na hushika unyevu. Unachotaka ni vipande vya ukubwa wa punje ya mtama. Mdalasini uvunje tu vipande vya nusu kidole. Iliki ipasue, utoe punje, maganda yaende kwenye chai. Maganda hayana ladha ya kutosha lakini yananywa mafuta mengi, na mafuta hayo huyapati tena hata ukamue vipi. Manjano peke yake ndiyo huruhusiwa kuwa unga, kwa sababu mzizi wake mkavu ni mgumu kama jiwe na hakuna kinu cha nyumbani kitakachouweza vizuri.

Vipimo hivi ni vya robo lita ya mafuta, yaani mililita 250, ambazo kwa mizani ni kama gramu 230:

Iliki: punje zilizotolewa kwenye maganda 50 hivi, gramu 7 hadi 8.
Mdalasini: gramu 15.
Karafuu: gramu 3, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Usizidishe.
Pilipili manga: gramu 10.
Bizari nyembamba: gramu 10, kwenye samli.
Pilipili kichaa kavu: gramu 8, mbegu zikitolewa ukitaka upole.
Manjano ya unga: gramu 5, pamoja na pilipili manga gramu 1.
Kungumanga: nusu ya kokwa, imekwanguliwa.

Mizani ndogo ya dijitali ya jikoni inalipa gharama yake hapa, maana kijiko cha mtu mmoja si cha mwingine. Karafuu ndiyo inayoangusha wengi. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, kitu kilekile kinachotia ganzi jino linalouma, na mafuta yaliyozidi karafuu yatatia ganzi ulimi badala ya kuupa ladha. Kungumanga nayo ina mpaka. Kokwa nzima moja au mbili zikiliwa na mtu mmoja zinaweza kumletea kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuona visivyopo, kwa hiyo kipimo cha hapo juu kisiongezwe mara mbili kwa sababu tu harufu ni nzuri.

Moto wa maji

Njia kuu ni bakuli ndani ya sufuria. Tandika kitambaa kilichokunjwa chini ya sufuria pana, weka juu yake bakuli la kioo nene au la chuma lenye mafuta na kiungo, mimina maji nje yake hadi yafike usawa wa mafuta. Kitambaa huzuia bakuli kugonga chini na kupata moto wa moja kwa moja. Uzuri wa njia hii ni kwamba maji hayapiti nyuzi 100, na Dar, iliyo usawa wa bahari, hufika hapo hasa, kwa hiyo mafuta hayawezi kuungua maadamu maji yapo. Lakini usiyaache yachemke. Unataka maji yanayotetemeka, vipovu vidogo vikipanda kutoka chini bila kupasuka kwa fujo, na mafuta yenyewe yawe kati ya nyuzi 65 na 80. Chini ya hapo kiungo hutoa kwa uvivu. Juu ya hapo harufu nyepesi za iliki hutangulia kuruka na kukuachia zile nzito zenye ukali.

Kwenye gesi, moto mdogo wa jiko dogo unatosha. Kwenye mkaa, subiri mkaa uwake hadi mwisho, ufunike kwa majivu, kisha ndipo uweke sufuria. Mkaa mpya uliotiwa katikati ya kazi utakupandishia moto usiouhitaji.

Muda: karafuu saa moja, iliki saa moja na nusu, pilipili na pilipili manga saa mbili, mdalasini saa tatu, manjano saa moja huku ukikoroga kila baada ya dakika kumi. Usichanganye vyote mara moja kwenye bakuli moja. Mafuta ya pilau yanayotaka mchanganyiko utayapata vizuri zaidi kwa kutengeneza kila kimoja peke yake na kuvipima baadaye kwa kijiko, maana hapo unaweza kurekebisha.

Kufunika au kutofunika? Ukiacha wazi, harufu inakwenda. Ukifunika kwa kifuniko kitupu, mvuke wa sufuria unapanda, unapoa kwenye kifuniko, unadondoka ndani ya mafuta. Suluhisho ni taulo safi kavu: funga kifuniko cha bakuli kwa taulo, kona zote zikikunjwa juu ili zisiguse moto, nayo itakunywa matone. Ibadilishe ikilowa. Maji ya nje yakipungua, ongeza ya moto kwa birika lenye mdomo mwembamba, pole pole, pembeni. Tone moja likiruka ndani utalisikia baadaye.

Muda ukitimia zima moto, acha bakuli humohumo hadi maji yapoe, kisha lifunike na uliache usiku kucha. Saa hizi kumi na mbili za kulala zinaongeza ladha kuliko saa ya ziada ya moto.

Bizari nyembamba haifuati njia hii, nayo ina sababu. Ladha yake ya pilau hutoka ikikaangwa. Kwenye maji ya vuguvugu itakupa harufu ya majani makavu tu. Pasha samli kwenye kaango dogo, tupia punje moja. Ikizungukwa na vipovu papo hapo bila kuwa nyeusi, joto ni sawa. Tia zote, hesabu sekunde 30 hadi 40, na rangi ikianza kugeuka mimina yote kwenye bakuli baridi la chuma. Kaango lina joto lake, ukiizima tu na kuiacha humo bizari itaendelea kuiva hadi iungue.

Pilipili kavu nayo isikaangwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Ikipata moto mkali hutoa moshi unaokohoza hadi majirani. Fungua madirisha, tumia njia ya maji, na unawe mikono kwa mafuta kwanza kisha sabuni. Maji peke yake hayatoi ukali wa pilipili.

Kuchuja

Yapashe kidogo yawe mepesi, kisha pitisha kwenye chujio la chai, halafu kwenye kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara nne. Kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni yenye manukato kitahamisha manukato hayo kwenye mafuta yako. Kichemshe kwenye maji matupu na ukikaushe kabisa. Acha yadondoke yenyewe. Kukamua kwa nguvu kunaongeza kijiko kimoja cha mafuta na vijiko viwili vya vumbi na uchungu.

Weka mafuta yaliyochujwa kwenye glasi angavu kwa siku nzima, kisha itazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Vumbi lililotua ni jambo la kawaida, mimina ya juu na uache ya chini. Lakini ukiona viputo vya duara vinavyoteleza kwenye sakafu ya glasi ukiinamisha, hayo ni maji. Yarudishe kwenye sufuria wazi, moto mdogo, hadi vipovu vikome. Utapoteza harufu kiasi, na ni afadhali hivyo.

Vibichi: kitunguu saumu, tangawizi, mchaichai, pilipili mbichi

Hapa ndipo watu wanapocheza na maisha bila kujua. Kitunguu saumu kibichi kikizamishwa kwenye mafuta na kuachwa mezani, kinapata kila kitu ambacho bakteria ya botulizimu inataka: hakuna hewa, hakuna uchachu, unyevu upo, joto la chumba lipo. Mbegu zake hutoka udongoni, ziko kwenye mizizi na majani, na maji ya kuchemka hayaziui. Zinahitaji nyuzi 121 kwenye mtungi wa presha. Sumu inayotoka humo haina harufu, haina ladha, na mafuta yatabaki mazuri machoni. Vancouver, Kanada, mwaka 1985 watu 36 waliugua kutokana na kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta, na mwaka 1989 ikatokea tena jimbo la New York. Tangu hapo Marekani inadai kitunguu saumu cha namna hiyo kiuzwe kikiwa kimetiwa asidi.

Rozimari mbichi, mrehani, mchaichai, tangawizi na pilipili mbuzi ziko kundi hilohilo. Kwa hiyo kuna njia tatu tu. Ya kwanza, kausha kabisa, kisha fuata njia ya maji. Ya pili, kaanga kwenye mafuta hadi maji yaishe: vipande vyembamba vya kitunguu saumu kwa moto mdogo, dakika 10 hadi 15, hadi viwe vya dhahabu na vikwaruze vikiguswa kwa mwiko, kisha chuja vyote vitoke. Hata hayo yaweke kwenye friji. Ya tatu, tengeneza ya kutumia leo, kilichobaki kikae kwenye friji ya nyuzi 4 au chini kwa siku zisizozidi nne, au kigandishwe kwenye vitrei vya barafu, kipande kimoja kwa mchuzi mmoja.

Friji ni neno la kutafakari mjini hapa. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapoteza ubaridi, mafuta ya kitunguu saumu kibichi yamwagwe. Usiyanuse ili kuamua. Na aliyekula akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, mdomo kukauka, kushindwa kumeza au ulimi kuwa mzito, dalili ambazo mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 36 lakini huweza kuchelewa siku kadhaa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aelezwe alichokula.

Siki au ndimu iliyokamuliwa juu ya mafuta haisaidii. Asidi inakaa kwenye maji, haiingii ndani ya kipande cha kitunguu kilichofunikwa na mafuta.

Chupa na kukaa kwake

Chupa za kioo, ndogo, za mililita 100 hadi 200. Kubwa hufunguliwa mara nyingi na kila mara inavuta hewa ya unyevu. Zichemshe dakika 10, zikaushe kwenye oveni au juani mdomo ukiangalia chini, na usizijaze zikiwa bado za moto zenye ukungu ndani. Vifuniko ndivyo vinavyosahaulika. Chini ya ule mpira wa ndani hubaki tone. Jaza hadi karibu na mdomo ili hewa isibaki nyingi, andika jina na tarehe kwenye karatasi ya gundi, weka kabatini mbali na jiko na mwanga. Rafu ya juu ya jiko ndiyo mahali pabaya kuliko pote, ingawa kila jikoni ndipo zinapowekwa.

Ya nazi yaliyotiwa kiungo kikavu yatakaa miezi minne hadi sita kabatini. Samli miezi mitatu, au zaidi ukiiweka kwenye friji. Alizeti mwezi mmoja. Kijiko kikavu kila mara. Kijiko kilichotoka kukoroga chai kinatosha kuanzisha ukungu kwenye chupa nzima.

Kutumia

Anza na kidogo, kwa sababu nguvu ya kiungo hubadilika kila mzigo. Kwa kilo ya unga wa maandazi, badilisha vijiko viwili vya chakula vya mafuta yako ya kawaida na vijiko viwili vya mafuta ya iliki. Vitumbua vya nusu kilo ya mchele, kijiko kimoja kwenye mchanganyiko, na tone kwenye kila tundu la chuma. Kashata za nazi, tia kijiko kimoja sukari ikishaanza kushika, mwishoni, usitie mwanzoni kwa sababu sukari inayochemka itafukuza harufu uliyoihangaikia. Wali wa nazi unapokea kijiko cha karafuu na mdalasini nusu kwa nusu, ukitiwa wakati wa kupalia. Ya pilipili kichaa matone tu juu ya mishikaki au urojo. Ya karafuu usizidi kijiko kimoja cha chai kwa sahani ya watu sita.

Yakiwa makali kuliko ulivyotaka, yapunguze kwa mafuta matupu ya aina ileile, sehemu moja kwa sehemu moja kwanza, ulale nayo usiku, uonje tena kesho. Yakiwa dhaifu, usirudishe kiungo kilichotumika. Tia kipya nusu ya kipimo na urudie moto. Uchungu haurekebishiki: umetoka kwenye unga, kwenye moto uliozidi, au kwenye karafuu nyingi. Harufu ya rangi ya mlango au ya karanga za zamani ni kuchacha, mwaga.

Na mafuta haya yasichanganywe na yale ya kwenye vichupa vidogo vya dawa. Kiwanda cha makonyo (vijiti vya karafuu) kule Pemba hukamua mafuta ya karafuu kwa mvuke, nayo ni karafuu tupu, haina mafuta ya kupunguza. Kijiko kimoja cha hayo kwa mtoto mdogo ni sumu, inaweza kumharibu ini na kumpoteza fahamu. Yakae mbali na rafu ya jikoni, yasije yakaokotwa na mtu anayepika kwa haraka.

Kiungo kilichobaki kwenye kitambaa bado kina mafuta na ladha ya kutosha mlo mmoja. Mdalasini na pilipili manga vitie kwenye pilau ya siku hiyohiyo, iliki kwenye uji wa watoto. Kisichotumika leo kigandishwe.